Sindano Upande wa Chaji

Mwaka 1967 nilikuwa na cheti, na cheti kile kilinitia kiburi ambacho hata leo nikikikumbuka natamani kujizaba makofi. Nilikipata kwa Wajerumani baada ya kozi ya miezi mitatu ya umeme wa magari. Kilikuwa na mihuri miwili, na jina langu, Simai Pandu, limepigwa taipu. Mke wangu alikitia kwenye fremu akakitundika ukutani nyumbani kwetu Miembeni, na mgeni yeyote aliyeingia ilibidi akisome kwanza ndipo apewe chai.

Kazini, katika karakana ya serikali, mkubwa wangu alikuwa Fundi Muhiddin. Yeye hakuwa na cheti cha aina yoyote. Umeme alijifunza kwa Mhindi mmoja pale Darajani, akakaa naye miaka ishirini na mbili, mpaka yalipokuja Mapinduzi, Mhindi akafunga duka lake akasafiri na watu wake, na Muhiddin akachukuliwa na serikali. Alikuwa mtu wa mjini, akikaa Mkunazini, Mji Mkongwe, mwembamba, msafi hata akitoka chini ya gari. Asubuhi akivua kofia yake ya viua akiitundika kwenye msumari, kisha anafanya kazi kimya hadi adhuhuri. Maneno yake machache, tena ya taratibu, kama mtu anayesomesha watoto Kurani chuoni. Mimi nikimwona mtu wa zamani. Na zama hizo, kumwita mtu wa zamani haikuwa sifa njema.

Gari la kisa hiki lilikuwa pikapu ya Kiingereza ya mwaka 1949, rangi ya kijani iliyopauka. Lilikuwa la mwenye shamba mmoja wa karafuu. Shamba lilipochukuliwa na serikali, gari nalo likachukuliwa, likapewa Bwana Kificho, mkaguzi wa mashamba. Dereva wake alikuwa Borafya, mtu wa Makunduchi, mcheshi, mpenzi wa gari kuliko baadhi ya watu wanavyowapenda wake zao. Pikapu ile alikuwa akiifuta vumbi hata wakati wa mvua.

Ijumaa moja Muhiddin alikuwa ameitoa betri ya pikapu kuichaji. Akairudisha mahali pake, lakini kabla hajafunga waya zake adhana ikalia, akachukua kofia akaenda kuswali. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma kidogo nikinawa mikono. Nikapita, nikaangalia. Nikaona jinsi waya zilivyokuwa zimelazwa: waya unaokwenda kwenye bodi la gari umeelekezwa kwenye kichwa cha betri chenye alama ya kujumlisha. Nikacheka peke yangu. Wajerumani walitufundisha, wakachora na ubaoni, kwamba bodi hupewa kichwa cha kutoa. Malori yote mapya yaliyokuwa yakishuka bandarini yalikuwa hivyo. Nikasema, basi miaka ishirini na mbili kwa Mhindi, na mzee huyu hajui hata hili!

Nikaigeuza betri. Vichwa vya betri havilingani unene, kimoja kinene na kimoja chembamba, kwa hiyo kibanio kimoja nilikipanua kwa bisibisi, na kingine, kilichokuwa kikicheza, nikakitia kipande cha bati nilichokikata kwenye kopo la maziwa. Kitu kinapokataa kuingia mahali, fundi mwenye akili hujiuliza kwa nini. Mimi nilikilazimisha, nikakaza nati, nikafunga boneti, nikaiwahi Ijumaa.

"Fundi, betri yako nshaikaza," nilimwambia aliporudi.

"Ahsante, Simai. Umenipunguzia kazi."

Nilisubiri afungue boneti, nipate kumweleza kosa lake mbele za watu. Hakufungua. Aliniamini. Akawasha injini, ikashika mara moja. Akawasha taa za mbele, akazielekeza kwenye ukuta wa stoo, zikawaka nyeupe zote mbili. Akatia sahihi yake kwenye daftari la kazi. Nikasema moyoni, nitamweleza siku nyingine, siku watu watakapokuwa wengi zaidi.

Kesho yake, Jumamosi, Borafya alimpeleka Bwana Kificho mkutanoni Kidichi. Mkutano ukarefuka, wakaondoka huko baada ya magharibi. Njiani taa zikaanza kufifia, zikawa nyekundu, kisha zikazimika zote kwenye kona, na pikapu ikaingia kwenye kalvati. Borafya alipasuka kichwani kidogo. Bwana Kificho alivunjika mguu mahali pawili.

Jumapili asubuhi walikwenda kumchukua Muhiddin nyumbani kwake Mkunazini, hata chai hajanywa. Nasikia majirani walifunga madirisha mmoja baada ya mwingine.

Neno lilikuwa hujuma. Ambaye hakuishi Unguja miaka ile hawezi kujua uzito wake. Kiwanda kikisimama, hujuma. Mchele ukichelewa, hujuma. Mtu akichukuliwa kwa neno hilo, hata ndugu zake hujifunza kutomtaja mezani. Na Muhiddin alikuwa na kila sifa ya kustahili kuchukuliwa: mtu wa mjini, aliyelelewa kazini na Mhindi, na sahihi yake imo daftarini.

Jumatatu akaja karakana mtu aitwaye Masoud. Hakusema anatoka ofisi gani, wala hakuna aliyeuliza. Alikuwa mpole, ana sauti ya chini, na alinishika bega kama mtu tuliyesoma naye.

"Ndugu Simai, wewe ndiye mtaalamu wetu sasa. Nnataka uniangalilie gari lile, uniandikie kilichoharibika na sababu yake. Ukinambia ni ubovu wa gari au kosa la kazi tu, Muhiddin anarudi kwake siku hiyo hiyo. Ukinambia vingine, hilo letu. Una siku mbili."

Basi mambo yalikuwa wazi kama hivyo. Uhuru wa Muhiddin uliwekwa mkononi mwangu, na mkono ule ulikuwa na spana. Wallahi siku ile sikuwa na nia mbaya. Kazi yake niliidharau, lakini yeye sikumchukia, na nilitaka atoke. Nilitaka pia atoke kwa sababu yangu, ajue kwamba cheti kimemwokoa.

Pikapu ilivutwa kwa kamba mpaka ndani ya karakana. Nilianza kama nilivyofundishwa, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Nilitoa balbu za taa za mbele nikazitazama: nyuzi zake nzima. Betri ilikuwa imekufa kabisa, hata honi hailii. Nikaazima betri nyingine iliyojaa, nikaifunga kwa waya zile zile, upande ule ule. Kile kipande changu cha bati kilidondoka nikakiokota nikakirudisha mahali pake, bila kufikiri lolote. Nikawasha. Taa zikawaka nyeupe. Kwa hiyo balbu nzima, swichi nzima, waya wa taa mzima. Kosa halikuwa kwenye taa. Taa zilizimika kwa sababu betri ilinyonywa mpaka ikaisha, na haikurudishiwa kitu. Gari lilikuwa halichaji.

Nikaenda kwenye mkanda wa feni. Umekaza vizuri. Nikafungua dainamo nyuma, nikatazama makaa yake, yale yanayopokea umeme unaozalishwa. Mazima, bado marefu. Kisha nikafungua kifuniko cha kile kisanduku kidogo ambacho mafundi tukikiita katiauti, ambacho kazi yake ni kuuruhusu umeme wa dainamo uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Harufu ikanipiga usoni. Vidole vyake viwili vya kugusana vilikuwa vimeungua vikawa donge, na waya wake umeyeyuka ngozi.

Hapo nikakwama. Katiauti haiungui hivyo kwa uzee. Umepita humo umeme mwingi sana, mara moja. Umetoka wapi?

Siku ya pili asubuhi Borafya akaja, kichwa kimefungwa kitambaa. Alikuwa hajalala, nilimwona machoni.

"Simai, mimi nnakwambia kitu, usinicheke. Sindano ilikuwa upande wa chaji."

"Sindano gani?"

"Ile ya kwenye dashibodi. Tokea asubuhi iko upande wa chaji. Tulipotoka tu hapa iliruka mara moja, na kiharufu kidogo nlikisikia, kisha ikatulia huko huko. Na nlipowasha taa ikazidi kwenda. Nkafurahi, nkasema leo inachaji kweli kweli. Ningejua betri inakufa n'ngesimama, Simai. N'ngemlaza bosi Kidichi kuliko kumvunja mguu."

"Umeona vibaya. Gari lilikuwa halichaji. Ukiwasha taa bila chaji, sindano hurudi upande wa pili."

"Mimi nlikuwa nnaitazama kwa macho yangu."

"Basi macho yako mabovu."

Akaondoka ameinamisha kichwa. Nikabaki peke yangu, nimekasirika, kwa sababu mtu asiyejua umeme amenitia neno kichwani halitoki. Nikafungua mlango wa pikapu, nikakaa kwenye kiti. Injini imezimwa. Nikawasha taa za mbele.

Sindano ikaenda upande wa chaji.

Nikazima. Ikarudi katikati. Nikawasha tena, ikaenda huko huko. Injini imelala, dainamo haizunguki, hakuna kinachochaji chochote, na sindano inasema chaji. Nilikaa pale mikono juu ya usukani, nikajua.

Muhiddin alipata kuniambia, siku moja tunakula. Alisema haya magari ya Kiingereza ya zamani bodi lake hupewa kichwa cha kujumlisha, na ndivyo yalivyoundwa. Alisema dainamo hushika upande iliofunzwa, hata ikizimwa mwaka mzima haisahau, na ukitaka kugeuza betri lazima kwanza uifunze upya, uiguse kwa waya wa betri itoe cheche kidogo. Usipofanya hivyo, dainamo na betri zitapigana, na wa kwanza kuungua ni katiauti. Mimi nilikuwa nakula muhogo wa kuchoma. Nilimwitikia kwa kichwa tu, nikaona ni ushirikina wa mafundi wasiosoma.

Na sindano, betri ikigeuzwa, nayo husema kinyume. Betri ikiliwa, sindano husema inalishwa. Borafya alikuwa ameona sawasawa.

Nataka niseme ukweli juu ya dakika zilizofuata, kwa sababu nimezisema vibaya ndani ya kichwa changu kwa miaka mingi. Sikubabaika. Huwa najiambia kwamba nilibabaika, lakini si kweli. Nilifikiri vizuri sana. Nilifikiri kwamba nikiandika "betri iligeuzwa" wataniuliza na nani. Nikisema ni mimi, kwa kukosea, Masoud atacheka kwa ile sauti yake ya chini: mtaalamu mwenye cheti anakosea betri? Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minne. Nilifikiri kwamba Muhiddin ni mzee, watamweka siku chache, watamwachia. Yote hayo niliyafikiri kwa utulivu, kisha nikatelemka, nikafungua boneti, nikaigeuza betri kama ilivyokuwa zamani. Vibanio viliingia mahali pake vyenyewe, kila kimoja kwenye kichwa chake. Kipande cha bati nikakitupa chooni.

Ripoti yangu ilikuwa na mistari miwili: katiauti imeungua, gari likawa halichaji, betri ikaisha, taa zikazimika. Sababu ya kuungua haikujulikana. Niliona ni maneno yasiyomdhuru mtu.

Masoud aliisoma mbele yangu, ofisini, na Borafya amesimamishwa karibu na dirisha.

"Haikujulikana," akasema. "Dereva anasema sindano ilikuwa inaonyesha chaji mpaka mwisho. Ndugu Simai, gari lisilochaji, sindano yake yaweza kuonyesha chaji?"

Borafya akanitazama. Uso wake ulifunguka, kama mtu aliyefikishwa kwa shahidi wake.

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na baada yake maelezo ya dakika tano. Kosa la kazi, alisema mwenyewe Masoud, na Muhiddin anarudi kwake siku hiyo hiyo.

"Haiwezi," nikasema.

"Haiwezi kabisa?"

"Haiwezi."

Borafya hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia. Alianza kupepesa macho, akasema polepole, "Labda nliona vibaya," na pale nilijua kwamba nimemtoa mtu imani ya macho yake mwenyewe. Masoud akakunja karatasi.

"Basi dereva muongo, na sababu hakuna. Kitu kikiungua bila sababu, mimi hujua kuna mtu. Tia sahihi hapa."

Nikatia. Maneno yangu yasiyomdhuru mtu ndiyo yaliyomfunga Muhiddin.

Borafya walimlaza ndani siku tatu kwa kosa la kusema uongo, wakamnyang'anya leseni. Baadaye nilikuwa nikimwona bandarini akisukuma rukwama. Akiniona alikuwa ananisalimu vizuri tu.

Wiki mbili baada ya ripoti ile, alasiri, nikasikia hodi nyumbani. Alikuwa Bi Mwanamkasi, mke wa Muhiddin. Sidhani kama alipata kuvuka kutoka mjini kuja huku kwetu Ng'ambo zaidi ya mara tatu maishani mwake. Alikaa ukingoni mwa kiti, buibui lake limejaa vumbi chini, na fremu ya cheti iko juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nimeruhusiwa kumpelekea nguo, nkamwona kidogo. Amekutana na Borafya humo ndani, wamezungumza. Kanituma kwako." Akafumba macho kidogo ili asikosee maneno, kama mtu anayesoma sura aliyoihifadhi. "Kasema, mwambie Simai awashe taa na injini imezimwa, atazame sindano. Ikenda upande wa chaji, basi betri imekaa kinyume. Kasema si kosa la kumfunga mtu, aliyeifunga kakosea tu, hakujua, na mwalimu wake hakumfundisha vizuri. Kasema utafahamu."

Aliyasema yote bila kujua anasema nini. Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika bilauri ya maji. Mtoto alikuwa akilia chumbani.

"Nshaangalia, Bi Mwanamkasi," nikasema. "Nimetazama vyote. Sindano inakwenda sawa na betri imekaa sawa."

"Nimwambie hivyo?"

"Mwambie hivyo."

Akanyanyuka. Maji hakuyanywa. Mlangoni alinishukuru kwa juhudi zangu, akaniombea mtoto wangu akue.

Muhiddin alikaa ndani miezi kumi na tisa. Mimi nikafanywa fundi mkuu. Nilijifunza kuifunza dainamo, cheche ile ndogo ya waya, na nikawafundisha wengine kama kwamba nimeitoa kwenye kozi yangu. Pikapu ile ilitengenezwa ikatembea miaka mingine, na taa zake hazikuzimika tena.

Alirudi mwaka 1968, kabla ya Ramadhani. Alikuja karakana kwa sababu alitakiwa kutia sahihi karatasi ya kuachishwa kazi, na karatasi hiyo ilikuwa kwangu. Shati lilimpwaya, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Wafanyakazi walijishughulisha na magari yaliyokuwa hayana kasoro. Nikamwingiza ofisini, nikafunga mlango.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Simai. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anatembea sasa."

"Alhamdulillahi."

Nilimpa karatasi. Hakuisoma. Aliiweka mezani akainyoosha kwa kiganja. Ilikuwa mikono ile ile niliyoiona ikikaza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama.

"Fundi," nikasema, "mimi..."

"Ngoja nkwambie mimi kwanza, nisije nkasahau." Sauti yake ilikuwa ile ile, ya kusomesha. "Wiki mbili za mwanzo nlikuwa na raha, alaa kulli hali, vyovyote vilivyokuwa. Nkiwaambia wenzangu humo ndani, yupo kijana wangu kazini anatafuta kosa, akiliona tu anakuja kusema, n'natoka. Wakinicheka. Kila sala nkikuombea dua, ya Rabbi mfungulie Simai aone. Nkaona labda limekushinda, ndipo nkamtuma Mwanamkasi akusaidie."

Nje mtu alikuwa akigonga bati kwa nyundo, akaacha, akaanza tena.

"Aliponletea jawabu yako, kwamba umeangalia na betri imekaa sawa, nkajua umeigeuza tena, kuficha. Siku ile nkaacha kukuombea. Sikukuapiza, usidhani. Niliacha tu."

"Kwa nini hukunitaja, fundi? Ungenitaja."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza swali la mtu ambaye hajapata kushika spana.

"Nlikuwa nshawaambia wenzangu utakuja mwenyewe," akasema.

Nilitaka kulia na sikulia. Mpaka leo sijui ni haya au ni ubaya wa moyo. Muhiddin akauliza wapi pa kutia sahihi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaandika jina lake polepole, akanirudishia kalamu, akanishukuru kwa kumwazima, akaenda zake.